TAA NDANI YA BOKSI LA PIKAPU YA ZAMANI
Somo kwa wakulima wa skimu: namna ya kuifunga bila kuunguza gari wala kumaliza betri

Mkulima wa skimu huanza kazi kabla jua halijatoka. Huku kwetu Bonde la Ufa jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Lakini maziwa hayangoji jua. Mwenye ng'ombe huko Kinangop hupakia mikebe yake saa kumi au saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda, ili ateremke mpaka Naivasha maziwa yakiwa baridi. Mwenye kabichi na karoti naye hupakia usiku ili awahi soko.

Watu wa Kihoto, ule mtaa wa Naivasha ulio karibu na ziwa, wanajua vilevile taabu ya kupakia gizani. Mwaka 2020, na tena mwaka 2025, maji ya Ziwa Naivasha yalipanda hata yakaingia katika nyumba zao, na wengi walilazimika kuhama na vyombo vyao. Wakati wa shida kama huo, mwenye pikapu iliyo na mwanga nyuma huweza kupakia kwa haraka na kuona ni kitu gani anachokishika.

Pikapu nyingi za mashamba ni za zamani. Ziko Land Rover na Datsun, na ziko Peugeot 404 na 504. Watu wa Kenya walizipenda gari za ukoo wa Peugeot, maana 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Ni gari zenye nguvu, na ziko ambazo bado zinabeba mizigo mpaka leo. Lakini kwa kawaida pikapu za enzi hizo zilitoka kiwandani bila taa yoyote mahali pa mizigo. Mwenye gari akiisha kuweka kanopi juu yake, pale nyuma huwa boksi lenye giza, hata mchana.

Somo la mwezi huu ni namna ya kufunga taa ndani ya boksi hilo. Kazi yenyewe si kubwa. Mtu mwenye mikono mizuri aweza kuimaliza kwa siku moja. Lakini ikifanywa vibaya yaweza kuunguza gari lote pamoja na mzigo, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla ya kushika bisibisi.

KWA NINI TUACHE KOROBOI

Wakulima wengine hupakia kwa mwanga wa koroboi au taa ya chemni iliyowekwa ndani ya boksi. Jambo hili ni baya kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni maziwa. Maziwa hunyonya harufu upesi sana. Tone la mafuta ya taa likimwagika juu ya kifuniko cha mkebe, au hata mvuke wake ukikaa ndani ya boksi lililofungwa, maziwa hupata harufu na ladha yake. Mpokeaji wa maziwa akiinusa harufu hiyo atayakataa, na kazi ya siku nzima imepotea.

Sababu ya pili ni moto. Wakulima wengi hubeba jerikeni la petroli kwa ajili ya pampu ya maji au mashine ya kukatia majani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki juu bali hutambaa chini na kujikusanya sakafuni mwa boksi, usionekane na mtu. Ukikutana na ndimi za koroboi, hulipuka mara moja.

Wengine hushika simu yenye tochi kwa meno huku mikono yote miwili imebeba mkebe. Afadhali hiyo kuliko koroboi, lakini mtu huyo haoni vizuri anapokanyaga, na simu ikianguka ndani ya maziwa hasara ni mbili.

HESABU YA UMEME WA GARI

Wenye magari huuliza: "Je, taa hiyo haitamaliza betri?" Jibu liko katika hesabu fupi ambayo kila mkulima aweza kuifanya. Taa huandikwa wati zake. Betri za pikapu nyingi ni za volti 12. Gawanya wati kwa volti, utapata ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita katika waya.

Tufanye mfano. Chukua betri ya ampea-saa 45. Maana yake, kwa jumla, yaweza kutoa ampea moja kwa saa 45. Lakini si vema kuitumia zaidi ya nusu yake, kwani betri ya gari ikikaushwa mara kwa mara hufa mapema, na kule Kinangop baridi ya alfajiri huipunguzia nguvu pia. Basi tuhesabu ampea-saa 22 tu.

Mtu akifunga glopu 2 za wati 21, kama zile za taa ya breki, jumla ni wati 42. Gawanya kwa 12, utapata ampea 3.5. Akizisahau zikiwaka, baada ya saa 6 hivi nusu ya betri imekwisha. Zikiwaka usiku kucha wa saa 12, zitakuwa zimekula ampea-saa 42, na asubuhi gari halitawaka.

Mtu akifunga taa ya LED ya wati 3, inatumia robo ya ampea tu. Nusu ile ile ya betri itaiwasha kwa muda wa saa 88, yaani siku 3 na zaidi. Tena LED haipati moto mwingi kama glopu, kwa hiyo gunia likiigusa haliungui upesi. Kwa hiyo twashauri LED ya wati 3 mpaka 5. Mwanga wake watosha kabisa boksi la pikapu.

FYUZI NDIYO KINGA

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la somo hili. Watu hufikiri kwamba volti 12 ni kidogo, hazina hatari. Ni kweli kwamba mtu akishika nyaya zake haruki kama aliyeshikwa na umeme wa nyumba. Lakini betri iyo hiyo ndiyo inayozungusha starta ya injini, kazi inayotaka ampea 100 na zaidi. Nguvu hiyo yote imo ndani ya betri, inangoja njia.

Waya mwembamba ukichunika na kugusa chuma cha bodi, umeme hupata njia ya mkato. Nguvu yote hukimbilia hapo. Waya huwa mwekundu kama mkaa, mpira wake huwaka, na moto hushika mazulia na viti. Haya yote hutokea kabla dereva hajasimamisha gari.

Fyuzi ni kipande cha waya mdogo kilichotengenezwa makusudi ili kikatike kwanza. Umeme ukizidi kiasi, fyuzi huyeyuka, njia hukatika, na gari husalimika. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo sana, na mtu akiikosa aweza kupoteza gari. Kinga ni bora kuliko tiba.

Lakini fyuzi lazima iwe mahali pake. Iweke karibu na betri, isipite urefu wa kiganja cha mkono. Fundi mwingine huiweka nyuma, karibu na taa. Hilo ni kosa kubwa. Fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Ikiwa nyuma, waya wote unaotoka betri mpaka boksi hauna ulinzi, na huo ndio mrefu, ndio unaosuguana na chuma.

Wala usitie waya wa kawaida au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi iliyokatika. Fyuzi ikikatika inakuambia kwamba kuna kosa mahali fulani. Litafute hilo kwanza.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

1. Taa 1 ya LED ya volti 12, wati 3 mpaka 5, yenye kifuniko kisichoingiza maji wala vumbi.
2. Waya wa gari wa nyuzi nyingi, unene wa milimita ya mraba 1. Usitumie waya mgumu wa nyumba, kwa kuwa hukatika kwa mtikisiko.
3. Fyuzi ya ampea 3 na kikasha chake. Nunua na nyingine 2 za akiba.
4. Swichi 1 ya kubonyeza juu na chini, ya kuwekwa kwenye dashibodi.
5. Swichi 1 ya mlango, ile yenye kichwa kinachosukumwa mlango ukifungwa.
6. Vipira vya kuzuia waya usikatwe na ukingo wa tundu, utepe wa umeme, vifungo vya plastiki na mpira wa kupitishia waya.
7. Keekee, koleo, bisibisi, spana, msasa na grisi kidogo.

KAZI YENYEWE

Hatua ya kwanza. Simamisha gari mahali pa wazi, zima injini, weka breki ya mkono. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu, maana betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Fungua kwanza kebo ya ardhi, yaani ile inayotoka betri kwenda kwenye chuma cha gari. Sababu yake ni hii: ukianza na kebo nyingine, na spana ikagusa bodi, cheche kubwa zitaruka. Kebo ya ardhi ifunguliwe ya kwanza, irudishwe ya mwisho.

Hatua ya pili. Angalia ardhi ya gari iko upande gani wa betri. Katika gari nyingi ni hasi. Lakini Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 ardhi yake ni chanya, na magari machache ya zamani yana betri ya volti 6. Glopu ya kawaida huwaka vyovyote utakavyoifunga, lakini LED haiwaki nyaya zake zikigeuzwa. Ukiona gari lako ni la namna hiyo, mwite fundi wa umeme wa magari akuongoze.

Hatua ya tatu. Chagua mahali pa taa. Iweke juu, kwenye dari ya kanopi, karibu na mbele ya boksi, ielekee chini. Isielekee nyuma, kwa kuwa mwanga mweupe nyuma ya gari humchoma macho dereva anayefuata, au humfanya adhani gari linarudi kinyumenyume. Isiwe mahali ambapo mkebe au gunia litaigonga.

Hatua ya nne. Kabla ya kutoboa tundu lolote, lala chini uangalie upande wa pili. Liko wapi tangi la petroli? Bomba la breki linapita wapi? Keekee haijui tofauti ya bati na tangi. Ukiisha kutoboa, laini kingo za tundu kwa msasa, paka rangi kidogo ili lisishike kutu, kisha tia kipira. Waya usipite kamwe katika tundu lisilo na kipira.

Hatua ya tano. Pitisha waya kutoka mahali pa betri, kupitia kikasha cha fyuzi, mpaka swichi ya dashibodi. Kutoka hapo uteremke chini ya gari na kufuata shasi mpaka nyuma. Uingize wote ndani ya mpira, na uufunge kwa vifungo kila baada ya sentimita 30. Uwe mbali na bomba la moshi, mbali na mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, na usiufunge juu ya bomba la petroli. Barabara zetu zina vumbi na mashimo. Waya unaoning'inia leo, kesho umesagwa.

Hatua ya sita. Leta waya huo juu mpaka kwenye taa. Waya wa pili wa taa uende kwenye swichi ya mlango, na kutoka hapo kwenye ardhi. Ikiwa kanopi ni ya bati na imefungwa vizuri juu ya bodi, yaweza kuwa ardhi. Lakini kanopi ya mbao, ya turubai au ya faibaglasi haipitishi umeme. Hapo sharti uteremshe waya wa ardhi mpaka kwenye shasi.

Hatua ya saba. Tengeneza ardhi nzuri. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga waya kwa bolti na nati, kisha paka grisi juu ili maji yasiingie. Taa nyingi zinazofifia au kuwakawaka haziharibiki zenyewe, ila ardhi yake ndiyo mbaya.

Hatua ya nane. Unganisha nyaya kwa vishikizo vya kubana au kwa risasi ya kulehemu, kisha uzifunike kwa utepe. Kusokota kwa vidole tu hakufai. Kisha rudisha kebo ya ardhi ya betri, na mwisho kabisa tia fyuzi.

KWA NINI SWICHI MBILI

Swichi ya mlango huwasha taa mlango wa boksi unapofunguliwa na kuizima unapofungwa. Ndiyo inayokulinda na usahaulifu. Lakini swichi hutoa cheche ndogo inapofanya kazi, na cheche ndani ya boksi lenye mvuke wa petroli ni sawa na koroboi. Swichi ya dashibodi hukuwezesha kukata umeme wa nyuma kabisa. Siku unayobeba petroli, izime hiyo kabla ya kufungua mlango, acha boksi lipigwe na hewa dakika chache, ndipo uwashe.

Na lililo bora zaidi ni kutobeba petroli ndani ya kanopi iliyofungwa, wala pamoja na maziwa. Taa hii inapunguza hatari, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuwa mzembe.

KUJARIBU KAZI YAKO

Washa taa, uiache dakika 10. Gusa waya katika sehemu zake zote, na kikasha cha fyuzi. Ukisikia joto, zima mara moja utafute kosa. Kisha toa fyuzi: taa izimike. Isipozimika, basi umeme unapata njia nyingine, na kazi irudiwe.

Mwisho jaribu kama umeme unavuja. Zima kila kitu, funga milango yote. Fungua kebo ya ardhi ya betri, kisha weka taa ndogo ya majaribio ya volti 12 kati ya kebo hiyo na ncha ya betri. Ikiwaka, kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limelala. Toa fyuzi ya taa mpya. Mwanga ukizimika, kosa ni la kazi yako. Usipozimika, kosa ni la zamani, na ni vema umeligundua.

KUTUNZA

Kila mwezi, siku unapopima maji ya redieta na upepo wa magurudumu, tazama pia waya huu. Kichwa cha swichi ya mlango hushikwa na vumbi, kisha hakirudi, kipanguse. Ncha za betri zikiota unga wa kijani au mweupe, zioshe kwa maji ya moto, zikaushe, uzipake grisi. Gari likipita katika maji mengi au likiwa limekaa mahali palipofurika, kagua viungo vya nyaya chini ya shasi kabla ya kutia fyuzi tena.

Njia hii hii yafaa pia kwa kijidroo cha dashibodi, mahali unapoweka stakabadhi za maziwa na karatasi za gari. Taa ya wati 1 yatosha. Ichukue baada ya fyuzi ile ile, usitoe waya mwingine mtupu kwenye betri.

MASWALI YA SOMO

Wakulima wanaosoma pamoja katika vyama vyao na wajibu maswali haya:

1. Taa ya wati 6 katika gari la volti 12 inatumia ampea ngapi? Je, itakula ampea-saa ngapi ikiwaka saa 10?
2. Mtu amefunga fyuzi nyuma, karibu na taa. Ni sehemu gani ya waya isiyolindwa?
3. Kwa nini kebo ya ardhi hufunguliwa ya kwanza?
4. Kanopi yako ni ya faibaglasi na taa haiwaki. Utaangalia nini kwanza?
5. Fyuzi imekatika mara mbili kwa wiki moja. Je, utatia ya ampea kubwa zaidi?

Jibu la swali la kwanza ni nusu ampea, na ampea-saa 5. Jibu la swali la mwisho ni hapana. Mengine yatafuteni katika somo hili, na aliye na pikapu awaonyeshe wenzake kwa vitendo. Atakayepakia maziwa alfajiri akiona mikono yake na miguu yake, bila moto ndani ya boksi, atakuwa ameelewa somo.